Kivuko cha Gungu na Reli Inayokuja Burundi

Tarehe 6 Juni 2018, basi la abiria liligongana na treni kwenye makutano ya barabara na reli ya Gungu, mjini Kigoma, na watu wasiopungua 10 wakapoteza maisha. Dar es Salaam habari hiyo ilipokewa kama msiba wa mkoa wa mbali. Bujumbura ilipokewa kama msiba wa nchi jirani. Mimi nashikilia kwamba ilituhusu sisi wa Bujumbura kuliko tulivyoelewa, na iliuhusu mtaa kama Kinama, ulioko kaskazini mwa jiji katika komini ya Ntahangwa, ambako hakuna mtoto aliyewahi kuamshwa na honi ya treni. Burundi ilipata uhuru mwaka 1962 bila hata kilomita moja ya reli, na imeishi hivyo kwa zaidi ya miaka 60. Sasa reli inakuja. Mwezi Januari 2025 serikali za Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga njia ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, na mwezi Agosti mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa upande wa Burundi. Mipango inataja kuendelea hadi Gitega, Bujumbura, na baadaye Uvira na Kindu nchini Kongo. Kabla taruma la kwanza halijalazwa katika ardhi yetu, kuna kazi ndogo ambayo haijafanywa na mtu: kuandika, chombo kwa chombo, historia ya vifaa vya ishara na tahadhari katika vivuko vya reli ambayo tumeitumia miaka yote bila kuimiliki. Naiita kazi ndogo kwa sababu haihitaji mkopo wala mkandarasi. Uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa katika historia ya reli duniani karibu kila kifaa cha usalama kilinunuliwa kwa maiti za watu, na nchi inayoanza leo inaweza kulirithi funzo bila kulilipia upya, mradi awepo aliyeliandika.

Tuanze na umiliki, kwa kuwa wengi watauliza reli ya Kigoma ni yetu kwa lipi. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na tarehe 1 Februari 1914 reli zikagusa Kigoma, umbali wa zaidi ya kilomita 1,250 kutoka pwani. Haikuwa reli ya kuishia ziwani kwa kupenda maji. Watawala wa kikoloni walitaka kuyafikia maeneo yenye watu wengi na mazao ya Urundi na Ruanda, na ndiyo maana mwaka 1914 walianza pia tawi la kutoka Tabora kuelekea pindo la mto Kagera. Vita vikalikata tawi hilo likiwa bado changa, na nchi hizi mbili zikabaki na ziwa kama njia yao ya kuifikia reli. Meli iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, iliundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku maelfu, ikasafirishwa kwa treni hadi Kigoma na kuungwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915. Meli ile ilikuwa mkono wa reli ulionyoshwa juu ya maji, na mkono huo ulikuwa ukielekea kwetu.

Mwaka 1916 Wabelgiji walishuka kutoka Kongo, wakaiteka Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, kisha Kigoma mwezi Julai, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Walipokuja kugawana na Waingereza kwa makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, Ubelgiji ilipewa Ruanda-Urundi na ikaiachia Uingereza Kigoma. Ila haikuiachia hivihivi. Mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 uliipa Ubelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kama Belbase, pamoja na haki ya kupitisha mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi kwa reli kati ya maeneo hayo mawili. Kwa maneno mengine, mji wa Usumbura ulijengwa na dola ambayo haikuwa na reli upande huu wa ziwa, lakini ilikuwa na mkataba na stesheni. Kahawa ya Burundi ilitoka kwa njia hiyo. Saruji, mabati na mafuta yakaingia kwa njia hiyo. Chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikifika milima ya Burundi kwa miguu kabla ya mzungu yeyote kuchora ramani, nayo ikapata stesheni yake. Uhusiano huu ulipokatwa, jiji lililitambua jambo hilo haraka. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai 1996, nchi za ukanda zilitangaza vikwazo dhidi ya Burundi vilivyodumu hadi Januari 1999, na Kigoma ilikuwa moja ya milango iliyofungwa. Waliouza na walionunua wakati huo mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura hawahitaji kuelezwa maana ya treni isiyofika.

Basi hiyo ndiyo reli yenyewe. Swali linalofuata ni kwa nini historia yake itazamwe kupitia milingoti, taa na mageti, badala ya mikataba na magavana. Jibu limo katika jinsi reli ya njia moja inavyofanya kazi. Treni mbili zinazotoka pande mbili haziwezi kupishana ila stesheni, na dereva wa treni hawezi kusimama kwa kile anachokiona mbele yake, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo sana kuliko tairi juu ya lami. Treni nzito ya mizigo huhitaji mamia ya mita kusimama. Kwa hiyo dereva haendeshi kwa macho yake. Anaendesha kwa ahadi aliyopewa na mtu asiyemwona, aliyeko stesheni ya mbele, kwamba njia ni tupu. Historia yote ya ishara za reli ni historia ya namna ya kuifanya ahadi hiyo isiweze kuvunjika.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, karibu na Norwich huko Uingereza, ahadi hiyo ilivunjika kwa simu ya maandishi: ruhusa ilipelekwa kabla ya kukamilika kwa amri, treni mbili zikaachiwa katika njia moja kutoka pande mbili, na watu 25 wakafa. Miaka minne baadaye, Edward Tyer akaleta mashine yake ya vibao vya ruhusa. Inafaa kuitazama kwa karibu. Kila stesheni ina kasha la chuma, na makasha ya stesheni mbili jirani yameunganishwa kwa waya. Ndani yake mna vibao vya duara vya chuma, vilivyochongwa majina ya stesheni hizo mbili. Mkuu wa stesheni hawezi kuchomoa kibao peke yake. Ni lazima mwenzake wa upande wa pili abonyeze kitufe na kushikilia. Kibao kimoja kikishatoka, makasha yote mawili hujifunga, na hakuna kingine kitakachotoka popote mpaka kile kirudishwe katika kasha moja au jingine. Dereva hupewa kibao hicho ndani ya mfuko wa ngozi wenye kitanzi kikubwa, ili aweze kukidaka kwa mkono treni ikipita taratibu. Asipokuwa nacho, haondoki. Mtu anaweza kukosea, kuchoka au kulewa, lakini hawezi kuwa na vibao viwili. Busara yote ya mashine ile ni kwamba haimtegemei mwema wala haimwogopi mzembe.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, treni iliyobeba watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakalikata kundi la mabehewa ya nyuma, breki hazikuyashika, yakarudi nyuma yakiteremka na kuigonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Kabla ya mwaka kwisha bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria iliyolazimisha mambo matatu ambayo wahandisi walikuwa wakiyaomba kwa miaka mingi: treni moja tu katika kipande kimoja cha njia, pointi za kubadilishia njia na ishara zilizofungamana ili zisipingane, na breki zinazojifunga zenyewe mabehewa yakiachana. Sasa soma kilichotokea kwenye Reli ya Kati tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilisimama kwenye mwinuko eneo la Igandu, mkoani Dodoma, ikiwa na hitilafu ya breki. Ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi, na ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kati ya Armagh na Igandu ipo miaka 113, na mwenendo wa ajali ni uleule: mlima, breki, kurudi nyuma, treni nyingine katika njia hiyohiyo. Silinganishi ili kuwalaumu wafanyakazi wa reli wa Tanzania, ambao kwa miongo mingi waliendesha njia ndefu kwa vifaa vichakavu. Ninachosema ni kwamba maarifa hayasafiri pamoja na chuma. Reli inaweza kuuzwa, kuhamishwa, kubadilishwa jina kutoka shirika la Afrika Mashariki kwenda la Tanzania mwaka 1977, kukodishwa kwa kampuni mwaka 2007 na kurudishwa serikalini, na katika kila makabidhiano injini na mabehewa huhesabiwa, lakini sababu za kila kifaa kuwekwa pale kilipo hubaki vichwani mwa wazee wanaostaafu.

Kivukoni ndipo upotevu huo unapoonekana kwa uchungu zaidi, kwa sababu pale anaingia mtu ambaye hakufundishwa kanuni za reli. Chukua hesabu rahisi. Basi lenye urefu wa mita 12 limesimama mita 3 kabla ya reli. Ili mkia wake uwe salama upande wa pili, linapaswa kwenda mita zipatazo 20. Likiwa limejaa na linaondoka kutoka kusimama, hiyo ni kazi ya sekunde 7 au 8, na uongeze sekunde 2 za dereva kutazama kulia na kushoto na kuamua. Treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde; katika sekunde 10 imekata mita 140. Maana yake, dereva asiyeweza kuona mita 140 za reli kila upande anavuka kwa bahati, hata awe makini namna gani. Nyumba ikijengwa karibu na tuta, mwembe ukikua, kontena la duka likiwekwa kando ya njia, kivuko kile kinakuwa kimebadilika bila hata msumari mmoja wa reli kuguswa. Na kama barabara inapanda tuta kwa mwinuko mkali, au mvua imechimba mashimo kati ya reli, sekunde 10 zinakuwa 20 na mita 140 zinakuwa 280. Hakuna kitu hapa kisichoweza kupimwa kwa futi ya kamba na saa ya mkononi. Vipimo hivi vikiandikwa kwa kila kivuko, pamoja na tarehe, mtu anaweza kusema kivuko kipi kitaua kabla hakijaua.

Kisha vipo vifaa vyenyewe, ambavyo kila kimoja kina historia ya wazo. Alama ya mbao mbili zilizokatizana, iliyothibitishwa kimataifa na mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, humwambia mpita njia kwamba hapa kuna reli, lakini haimwambii kama treni inakuja. Ubao wa honi, unaosimamishwa kando ya njia kabla ya kivuko, humkumbusha dereva wa treni kupiga honi. Ukianguka au ukifunikwa na majani, mwenyeji anakumbuka kwa mazoea na mgeni anapita kimya. Geti la mkono humtegemea mlinzi, na mlinzi huitegemea simu ya stesheni. Simu ikifa, geti linabaki kuwa bomba lililopakwa rangi. Taa za kuwaka na kuzimika na kengele huzaliwa na uvumbuzi wa Mmarekani William Robinson wa mwaka 1872: umeme mdogo hupitishwa ndani ya reli zenyewe, na magurudumu ya treni yanapoingia katika kipande hicho huuunganisha upande mmoja na wa pili, hivyo umeme haufiki tena kwenye swichi, na swichi inaanguka kwa uzito wake na kuwasha tahadhari. Ubora wa wazo hilo ni kwamba waya ukikatika au reli ikivunjika, swichi huanguka vilevile, kana kwamba treni ipo. Hitilafu hugeuka kuwa tahadhari.

Lakini hapa ndipo orodha kavu ya vifaa isipotosha na historia inahitajika. Reli ya Kati ililazwa kwa wingi juu ya mataruma ya chuma, uamuzi wa enzi ya Wajerumani uliokuwa na maana katika nchi ya mchwa. Taruma la chuma lisilo na kizuizi cha umeme huunganisha reli mbili muda wote, kama vile treni imesimama hapo daima, kwa hiyo uvumbuzi wa Robinson hauwezi kutumika juu yake bila kazi ya ziada. Inabidi kuweka vifaa vinavyohesabu ekseli zinazoingia na kutoka. Uamuzi wa mwaka 1905 dhidi ya mchwa unaamua mwaka huu ni taa ya aina gani inaweza kuwekwa kwenye kivuko cha mji mdogo. Jambo hilo haliwezi kuonekana katika picha ya mlingoti peke yake. Vilevile taa za kivuko zina udhaifu ambao swichi inayoanguka haiwezi kuuponya: betri ikiibiwa, zinazimika, na dereva wa gari anayezoea kuziona zikiwaka hulichukulia giza lao kuwa ruhusa. Kivuko chenye taa zilizokufa ni hatari kuliko kisichowahi kuwa na taa. Kwa hiyo mwandishi wa kumbukumbu hizi asiandike tu kwamba taa zipo. Aandike kama zinawaka, zinapata umeme wapi, nani hubadilisha betri, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Pingamizi la kwanza nalisikia kila ajali inapotokea, na lina nguvu: sheria inamtaka mwenye gari kumpisha mwenye reli, kwa hiyo anayegongwa kivukoni amejigonga mwenyewe, na vifaa havina kesi ya kujibu. Ni kweli kwamba treni haiwezi kukwepa. Ni kweli pia kwamba wapo madereva wanaowahi. Lakini tazama matukio kwa pamoja. Oktoba 2013, Mutindwa mjini Nairobi, basi na treni, watu wasiopungua 11. Juni 2018, Gungu. Novemba 2023, wilayani Manyoni mkoani Singida, basi na kichwa cha treni, watu 13. Hapa ni sehemu tatu, madereva watatu wasiofahamiana na nchi mbili, na muundo ni mmoja. Uzembe wa mtu mmoja unaeleza ajali moja. Ukijirudia mahali pa aina ileile, ni haki kuuliza mahali penyewe pana nini. Nao abiria waliokuwa wamekaa nyuma, ambao ndio hufa, hawakuwa na usukani wala uamuzi wowote. Kumlaumu dereva hufunga jalada, na jalada likishafungwa hakuna anayerudi kupima mita 140. Sipingi dereva ashitakiwe. Nataka karatasi ya vipimo iwe imelala kando ya hati ya mashitaka.

Pingamizi la pili ni la watu wa maendeleo, nami naliheshimu zaidi. Wanasema reli inayokuja Burundi si ile ya Wajerumani. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 huenda hadi kilomita 160 kwa saa, inaongozwa kwa mawasiliano ya redio na kompyuta ndani ya kichwa chake, njia imezungushiwa uzio, na barabara hupita juu au chini yake. Hakuna kivuko, kwa hiyo hakuna cha kujifunza kutoka Gungu. Laiti ingekuwa hivyo kabisa. Kwanza, reli ya zamani haifi kesho. Kigoma itaendelea kuitumia, na mizigo ya Bujumbura itaendelea kupita juu yake, kwa miaka ambayo ya kisasa itakuwa ikijengwa. Pili, barabara ya juu hujengwa palipo na barabara, lakini watu hawaishi barabarani tu. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12 katika kilomita za mraba 27,834. Hakuna kilima kisicho na njia ya miguu ya kwenda shambani, kisimani, kanisani na sokoni. Uzio utakatiza mamia ya njia hizo, na kila njia iliyokatizwa bila mbadala wa karibu itageuka tundu katika uzio. Tundu hilo litakuwa kivuko, kivuko kibaya kuliko vyote, kisicho na alama wala honi, mbele ya treni ya kasi isiyo na kishindo cha mvuke. Mtu wa Kinama anaelewa hili bila mhandisi. Mwezi Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zilikatazwa kuingia katikati ya Bujumbura, na mitaa ya pembeni ndiyo iliyobaki ikibebwa na vyombo hivyo na kwa miguu. Kivuko cha reli katika nchi kama hii hakiwezi kupangwa kwa kuhesabu mabasi na malori peke yake. Kuna mama mwenye ndoo kichwani, ambaye hawezi kugeuza shingo haraka, na kuna mwenye baiskeli iliyosheheni ndizi, ambaye akisimama kwenye mwinuko haanzi tena bila kusukumwa. Hesabu ya sekunde 10 niliyoifanya ni ya basi. Ya hawa haijafanywa, na itafanywa vizuri zaidi pale ambapo wanavuka reli leo, yaani Kigoma, Uvinza, Tabora na Dodoma, kuliko kwenye michoro ya ofisini.

La tatu ni la fedha. Nchi yenye upungufu wa mafuta na dawa itaachaje hayo ikapime milingoti? Ningelikubali pingamizi hili kama kazi yenyewe ingekuwa ghali. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha, mwishoni mwa mwaka 2023, dola za Marekani zinazokaribia milioni 700 kwa ajili ya reli hii, na mkataba wa ujenzi ulipotiwa saini kwa zaidi ya dola bilioni 2, tayari tulikuwa tumeingia katika gharama ambayo usalama wake hauwezi kuitwa anasa. Wanafunzi wachache wa uhandisi na wa historia wa Chuo Kikuu cha Burundi, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, wanaweza kuandika vivuko vya kipande cha Kigoma hadi Uvinza katika likizo moja. Kibali kitahitajika, na ni haki kihitajike. Reli ni mali nyeti na kupiga picha miundombinu yake bila ruhusa ni kutafuta kesi. Wapo pia wanaohofu kwamba orodha ya vifaa itawafundisha wezi wa vyuma na nyaya, ambao Shirika la Reli Tanzania limewalalamikia hadharani. Mwizi wa shaba anajua ilipo bila kusoma. Asiyejua ni mrithi wa kifaa, anayekuta mlingoti umekatwa kwenye kitako na hana karatasi ya kumwambia ulikuwa na kazi gani.

Makumbusho hayatatuokoa hapa, ingawa nayapenda. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, na ya Jinja nchini Uganda mwaka 2022, na yote mawili yamefanya kazi ya heshima. Hata hivyo kwa desturi makumbusho ya reli huvutwa na kilicho kikubwa: vichwa vya mvuke, mabehewa ya magavana, picha za sherehe. Kasha la vibao likiondolewa stesheni na kuwekwa chumbani bila lile la pili lililounganishwa nalo, linabaki sanduku zuri la chuma. Nusu ya maana yake ilikuwa kilomita kadhaa mbali, mkononi mwa mtu mwingine. Kivuko hakihamishiki hata kidogo. Kina maana pale kilipo, pamoja na mwinuko wake, mwembe wake, mlinzi wake na zamu zake. Kwa hiyo kinapaswa kuandikwa papo hapo kilipo, na pamoja na vifaa yaandikwe maneno ya waliovitumia: mkuu wa stesheni mstaafu, gadi, fundi wa ishara, mlinzi wa geti, na dereva aliyewahi kufunga breki akijua wazi kwamba mita hazitoshi. Vizazi viwili vya watu hawa vimeshaondoka tangu shirika la Afrika Mashariki lilipovunjika.

Upande wa Burundi kuna jambo moja la kufanywa mapema zaidi. Kila mahali ambapo njia ya Uvinza hadi Musongati itakutana na barabara, uchochoro au njia ya ng'ombe, jalada lifunguliwe kabla ya tingatinga kufika: picha ya pande nne, idadi ya wanaopita asubuhi, adhuhuri na jioni, wanavuka na nini, na wanaona umbali gani. Mkandarasi akishajenga, jalada hilo lieleze alichoweka na kwa sababu gani, na nakala moja ibaki komini badala ya kukaa wizarani tu, ili mwananchi wa kawaida aweze kudai taa iliyoahidiwa. Fomu yenyewe inaweza kuanza kujaribiwa sasa, mahali ambapo reli imekwishapita kwa zaidi ya miaka 100. Kigoma iko kando ya maji haya haya yanayoosha ufukwe wa Bujumbura. Gungu ni mwendo mfupi kutoka stesheni ya Kigoma, na pale kuna barabara, reli, watu wanaovuka kila siku, na majina ya abiria wa mwaka 2018 ambayo familia zao bado zinayataja.